Ukurasa wa Mia na Kumi na Nne

Kitabu hiki si cha anayeanza.
Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu, nikaifuta mbili,
na umeme wa Ligula ukaifuta ya tatu kwa niaba yangu.

Anayeanza atamwendea mpwa wake.
Mimi nawaandikia waliokwisha kuota sugu
pale kiganja kinapolalia kipanya,
wanaochora ghala zima huku wakibishana kwenye simu,
vidole vikiijua njia
kama mwenye nyumba ajuavyo kidaka chake gizani.
Watu hao hawataki kufundishwa. Wanataka kuambiwa
nani kahamisha vyombo.

Na programu mpya imehamisha vyombo.
Amri ya kukata mstari, iliyokaa kushoto miaka tisa,
sasa imejificha chini ya picha ya mkasi.
Mkasi! Kana kwamba sisi washonaji.
Ukifungua faili la zamani, vipimo vinajikadiria upya
bila kuuliza, kwa adabu ya mgeni
anayepanga jiko lako ukiwa sokoni.

Nikayaandika yote. Sura kumi na mbili, vielelezo, faharasa
inayoanza na "achia" na kuishia na "zungusha".
(Faharasa ndiyo niipendayo:
ni shairi ambalo hakuna anayelishuku.)

Ndipo kifurushi kikaja na basi la Newala,
gazeti nje, kamba ya katani juu yake:
toleo langu la pili, limevimba kama muhogo uliolowekwa.
Limetoka kwa Somoe Nandonde, mchoraji wa majengo.
Sijawahi kumwona. Namjua kwa penseli yake,
mwandiko mnyoofu, wenye hasira kidogo.

Ukurasa wa thelathini kaandika: "Kweli."
Wa sabini na moja: "Kweli, ila kuna njia fupi,"
akaiandika hiyo njia, na ni fupi kuliko yangu.
Wa mia na kumi na nne hakuandika neno.
Kabandika picha:
ghala la ushirika, ukuta ungali unanuka saruji,
na mlango wa chuma umeegemezwa pembeni,
fremu imeukataa kwa upana wa vidole vinne.

Nikalirudia jedwali langu kwa kidole.
Pale niliposema *nje*
nilitakiwa kusema *ndani*.
Miaka minne neno hilo limekaa kwenye rafu za watu,
likiheshimiwa, likipigiwa mstari.
Anayeanza husoma akiuliza. Mzoefu hufungua, akachukua namba,
akafunga. Hapo ndipo nilipomdhulumu.

Nikampigia. Korosho za msimu ule zililala wapi?
Akacheka kicheko kikavu.
"Fundi Chitanda aliukata mlango, akauunga upya.
Unafungika. Ila unapiga kelele,
na wabeba magunia wameupa jina lako.
Wingu likitanda utawasikia:
*Mfungeni Mtepa, mvua inakuja!*"

Mchapaji anataka masahihisho yakae mwisho,
herufi ndogo, karatasi nyembamba, kama deni la marehemu.
Nimekataa.
Neno *ndani* litakaa pale pale lilipokuwa *nje*,
ukurasa ule ule, mstari wa sita,
maana mkono wa mzoefu haupitii faharasa,
unafungua kitabu pale kilipozoea kufunguka.

Lakini sura mpya zimeongeza kurasa tano,
na mia na kumi na nne imekuwa mia na kumi na tisa.
Kwa hiyo usiku huu nakata.
Dibaji imekwenda. Shukrani kwa wakubwa zimekwenda.
Kielelezo cha mkasi nimekipunguza hadi ukubwa wa kunguni.
Njia yangu ndefu ya ukurasa wa sabini na moja nimeitoa,
nikaweka ya Somoe, na jina lake.
Bado ukurasa mmoja.

Narudi mwanzo kabisa.
*Kitabu hiki si cha anayeanza.*
Naitazama. Inakula ukurasa mzima, peke yake, katikati,
imejaa nafasi.
Nakibonyeza kitufe ambacho, namshukuru Mungu,
hakuna aliyekihamisha.